Dondoo muhimu: Kuandaa hotuba ya baraza

Ukipewa nafasi ya kuzungumza kwenye baraza Kithimani, tuseme kuhusu zamu za maji ya mfereji wa Yatta, anza kujiandaa kabla ya siku yenyewe.

1. Andika kwa sentensi moja unachotaka watu wafanye wakirudi nyumbani. Ikikushinda, hotuba haijaiva.
2. Uliza mapema una dakika ngapi, nani watakuwepo, na kama utasema Kikamba, Kiswahili au vyote viwili.
3. Chagua hoja tatu. Zikifika saba, hata nzuri itapotea.
4. Usimezwe na itifaki. Hapa ndipo wengi huharibu: humtaja chifu, wachungaji, wenyeviti na wazee mmoja mmoja hadi muda unaisha. Msalimu mwenyeji na mkubwa wa mkutano, sema itifaki imezingatiwa, uingie kwenye hoja.
5. Anza na kinachoonekana: nyanya zilizonyauka kwa mkulima wa mwisho wa mfereji.
6. Historia iwe sentensi moja. Mahabusu wa Mau Mau waliochimba mfereji huo miaka ya 1950 wanastahili kutajwa kwa heshima, lakini kikao ni cha maji ya leo.
7. Beba vichwa vya hoja tu, kwa herufi kubwa. Anayesoma karatasi haoni nyuso.
8. Jipime kwa saa, ukisema kwa sauti.
9. Usitegemee kipaza sauti, umeme hupotea.
10. Malizia na ombi: nani afanye nini, lini. Kisha keti.