Mwalimu naye arudi darasani



Katika Suratul Kahf, aya ya 60 hadi 82, tunasoma kisa cha Nabii Musa (AS). Alikuwa Mtume na mwalimu wa Bani Israil, lakini alifunga safari kwenda kujifunza kwa mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye. Mimi hufundisha Maarifa ya Uislamu, na funzo ninalolisisitiza hapa ni kwamba ualimu haumwondolei mtu wajibu wa kusoma.

Wenzetu wa Marekani wamelifanyia kazi jambo hili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfuko wa sayansi wa taifa lao umegharamia walimu wa shule kwenda vyuo vikuu wakati wa likizo ya majira ya joto, mara nyingi kwa wiki sita hivi. Baadhi yao wameingia katika maabara za roboti. Humo mwalimu huunga nyaya, huandika programu, hukosea na kurudia, bega kwa bega na watafiti. Hutakiwa arudi shuleni na somo jipya la kuwafundisha wanafunzi wake.

Asitokee mtu akasema kuwa hayo ni mambo ya Wamagharibi. Mwaka 1206 Al-Jazari, fundi wa Kiislamu aliyefanya kazi Diyarbakir, alikamilisha kitabu cha mitambo. Mmojawapo una umbo la mtumishi anayemmiminia mfalme maji ya kutawadha.

Sasa tujiangalie sisi wa Singida. Mwalimu wa fizikia anaweza kufundisha umeme miaka kumi bila kuigusa roboti hata moja. Asichokijua yeye, mwanafunzi wake atakipata wapi? Jirani zetu Dodoma kuna chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, na kinafundisha sayansi ya kompyuta na uhandisi.

Rai yangu kwa kamati za misikiti na bodi za shule zetu ni hii: tuandike barua chuoni tuombe nafasi, kisha tuchange nauli na posho ya mwalimu mmoja tu wa sayansi kwa likizo ya Juni. Akirudi, awafundishe wenzake. Tumezoea kuchangia matofali na mabati, na hilo ni jema. Lakini jengo halifundishi, anayefundisha ni mwalimu.

Wabillahi tawfiq.