Samaki Mwoga wa Maji Maangavu

Wasomaji wetu wa Handeni na Korogwe wajua ya kuwa wakati wa kiangazi maji ya mto Pangani hupungua, na matope yakitulia mtu huweza kuwaona perege kwa macho yake. Walakini mvuvi atupapo mshipi, samaki wale wale hukimbia. Hapo wengine hukata tamaa, wakasema, "Na tutie utupa." Leo twapenda kueleza kwa nini samaki hukimbia, na kwa nini utupa si dawa ya jambo hili.

Yatupasa kufahamu ya kuwa maji yatuonyeshayo samaki humwonyesha samaki sisi pia. Mwalimu na atie kijiti katika bilauri ya maji. Wanafunzi watakiona kana kwamba kimevunjika. Sababu yake ni kwamba nuru hupinda iingiapo majini na itokapo. Kwa hiyo samaki humwona upesi mtu asimamaye wima ukingoni, bali aliyechutama nyuma kidogo ni vigumu kumwona. Tena samaki ana mstari ubavuni autumiao kutambua mtikisiko wa maji, na kishindo cha miguu yetu hupita ardhini kikamfikia.

Mambo haya si ya kwetu tu. Katika Ufini na Kanada, wakati wa baridi maziwa huganda juu, hata watu hutembea juu ya barafu. Wavuvi hutoboa tundu na kuteremsha mshipi. Maji yakiwa maangavu, samaki wao aitwaye perch hukitazama chambo kwa hadhari kabla ya kukigusa. Basi wavuvi hao hutumia mshipi mwembamba na ndoana ndogo, nao hukaa kimya wasikanyage kwa kishindo.

Nasi tufanye hivi:

1. Tuvue alfajiri au jioni, kivuli chetu kisianguke majini.
2. Tutumie mshipi mwembamba, ndoana ndogo, na donge dogo la ugali au kipande cha nyungunyungu.
3. Tukae chini, mbali kidogo na ukingo, tusitembee ovyo. Mahali penye mamba tusivue kabisa.
4. Chambo kikiisha kutupwa, tukiache kitulie.

Sasa habari ya utupa. Sumu hii humzuia samaki asiweze kuitumia hewa iliyomo majini, naye hufa, mkubwa kwa mdogo. Perege jike hutunza mayai yake kinywani, na watoto wakianguliwa huwahifadhi humo humo. Basi afapo mama mmoja, kizazi kizima hufa pamoja naye. Na perege huyu ni wa kwetu hasa: mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe alipoandika habari zake, alimpa jina la mto wenyewe, pangani. Katika vidimbwi vya Handeni, ambavyo mito midogo huviacha ikikauka, hasara ni kubwa zaidi, maana samaki hana pa kukimbilia. Tena Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu.

Twawaomba wazee na viongozi wa vijiji wawaonye vijana wao, na walimu wawafundishe watoto. Ashikaye samaki watatu kwa subira huacha mbegu ya mwaka ujao. Atiaye utupa hula siku moja, kisha hukaa na njaa ukingoni mwa mto mtupu. Subira huvuta heri.