Siasa Inapoingia katika Kundi la Huduma: Tujadiliane bila Kuvunja Udugu



Katika parokia zetu leo, karibu kila kwaya, kila chama cha kitume na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ina kundi lake la WhatsApp. Humo tunapeana habari za misiba, zamu za usafi wa kanisa, mazoezi ya nyimbo na michango ya wagonjwa. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo. Kinachotuunganisha ni imani na moyo wa kujitolea.

Uchaguzi unapokaribia, mambo hubadilika. Chini ya taarifa ya msiba inatumwa picha ya mgombea. Mmoja anashangilia, mwingine anakejeli, wa tatu anataja kabila au dini ya mtu. Kufika jioni watu watano wamejitoa. Wiki inayofuata mama mjane analazwa hospitalini, na miongoni mwa wale watano yumo aliyekuwa akikusanya mchango na mwenye gari la kumpeleka. Ndiyo maana jambo hili si dogo: ugomvi wa wenye afya unamwangukia mgonjwa.

1. Tunajifunza nini katika Maandiko?

Katika kundi la Mitume Kumi na Wawili, Bwana wetu alimweka Mathayo, mtoza ushuru, mtu wa kazi iliyochukiwa kwa kuonekana kuutumikia utawala wa kigeni. Alimweka pia Simoni aitwaye Zelote, jina linaloashiria bidii kali kwa ajili ya Torati na taifa (Lk 6:15). Walikula meza moja na kutumwa kazi moja. Yesu hakusubiri wafanane ndipo awaite.

Matendo ya Mitume sura ya 6 inatupa mfano mwingine. Waamini wenye lugha ya Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze, wala hawakuwaita wachochezi. Waliita jumuiya yote, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Basi upande uliolalamika ulisikilizwa na kukabidhiwa wajibu. Manung'uniko yaliisha kwa haki kutendeka, na huduma ikaendelea.

2. Kanisa linafundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Gaudium et Spes* ya mwaka 1965, unakiri kwamba waamini wenye nia njema wanaweza kutofautiana juu ya jambo lile lile la kijamii. Katika hali hiyo, hakuna anayeruhusiwa kujitwalia mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake peke yake, wote wanatakiwa kuangazana kwa mazungumzo ya kweli na kulinda mapendo (na. 43). Hati hiyo hiyo inatukumbusha kwamba kupiga kura ni haki na wajibu (na. 75). Kwa hiyo Mkristo hakatazwi siasa. Anachokatazwa ni kumgeuza ndugu yake kuwa adui kwa sababu ya siasa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja makosa matatu dhidi ya jina jema la mtu: kumhukumu bila msingi wa kutosha, kufichua makosa yake bila sababu ya haki, na kumsingizia (na. 2477). Yote matatu hutendeka kwa kidole kimoja kwenye simu. Dawa yake imetajwa katika namba inayofuata: kuyapokea maneno ya mwenzetu kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana, na pasipoeleweka, kumwuliza kwanza.

3. Maneno yana gharama

Jirani zetu wa Kenya walilipa gharama hiyo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia makazi yao. Meseji za chuki zilipita katika simu za watu wa kawaida. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Moto wa namna hiyo hauanzi siku unapowaka. Huanza pale watu wanaposali pamoja huku wakiitana majina ya dharau.

4. Hatua za kufuata

*Tukubaliane mapema.* Kusudi la kundi liandikwe kabla ya kampeni kuanza: hapa ni mahali pa huduma, haturushi matangazo ya chama chochote. Sheria hiyo imfunge mwenyekiti na katibu kwanza. Ikikataza chama kimoja na kufumbia macho kingine, hiyo si sheria tena, ni upendeleo.

*Tutenganishe kampeni na shida za watu.* Bomba la kijiji likikauka, au zahanati ikikosa dawa, hayo ni mambo ya ustawi wa wote na jumuiya inaweza kuyasema. Tujiulize: je, tungelisema jambo hili vivyo hivyo kama chama kingine kingekuwa madarakani?

*Tuonyane faraghani.* Mathayo 18:15 inatutaka tuanze tukiwa wawili tu. Aliyekosea ni mzee? Kijana asimkemee mbele ya watu wote. Ampigie simu, aanze na shikamoo, kisha amweleze kwa upole. Mzee aliyehifadhiwa heshima yake huweza kufuta ujumbe mwenyewe. Aliyeaibishwa hutafuta wa kumtetea.

*Tuhakikishe kabla ya kusambaza.* WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliotumwa tena na tena. Alama hiyo itufanye tusite. Tusipojua nani alisema, lini na wapi, tusitume.

*Tufunge mjadala, tusimfunge mtu.* Maneno yakipamba moto, msimamizi anaweza kuweka kundi katika hali ambayo viongozi pekee ndio wanaotuma, kwa saa chache. Kisha wahusika wakutane ana kwa ana. Kumtoa mtu kundini kuwe hatua ya mwisho, baada ya kuonywa na kusikilizwa.

*Tusiite kila kilio siasa.* Mwanajumuiya ambaye mwanawe amekamatwa au kuumizwa hapigi kampeni, ana msiba. Tukimwambia aache siasa, tumemwongezea jeraha. Tumtembelee, tumsikilize, tusali naye.

5. Neno kwa waseminari

Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa inawakataza wakleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa pale mamlaka halali ya Kanisa inapoona kuna haja ya kutetea haki za Kanisa au kukuza ustawi wa wote. Mseminari bado si mkleri hadi apewe ushemasi. Hata hivyo waamini wanamwita fratera, na anachosambaza wanakichukua kama neno la Kanisa. Kesho atatumwa parokia yenye watu wa vyama vyote, na mgonjwa wa chama chochote atahitaji Mpako Mtakatifu kutoka mkononi mwake. Asiharibu leo imani atakayoihitaji siku hiyo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, kundi letu lina kusudi lililoandikwa na kujulikana na wote?
2. Ni nani aliyejitoa kwa sababu ya maneno ya siasa? Nani kati yetu atakwenda kumtembelea, na lini?
3. Ni malalamiko gani ya haki ambayo tumeyanyamazisha kwa kuyaita siasa?