Juu ya Kuchaguliwa na Mungu

Swali hili hutufikia toka Njombe na Makambako: Je, Mungu alilaani watu weusi? Someni Mwanzo 9. Nuhu alimlaani Kanaani, wala si Hamu babaye. Rangi ya ngozi haitajwi kamwe. Lakini mtu aliyelelewa tangu utotoni katika neno hilo huliona kuwa la Mungu, kumbe ni desturi ya kwao tu. Ndivyo walivyofundishwa wengi Afrika Kusini. Basi mwaka 1977 Walutheri wa ulimwengu, walipokutanika Dar es Salaam, walinena kwamba kuukataa ubaguzi ule ni jambo la imani yenyewe. Tena Amosi 9:7 yawaweka Waisraeli na Wakushi sawasawa. Nasi Wabena, je, Mkinga twamwonaje mezani pa Bwana?