Somo la Uchukuzi: Uzito wa Mizani na Uzito wa Ujazo

Katika vyama vingi vya msingi, ugomvi juu ya gharama za uchukuzi huanzia kwenye ankara. Katibu hupima boksi la vikapu vya ukili mbele ya wajumbe wa kamati, mizani ikaonyesha kilo 9. Baadaye huja ankara ya mchukuzi wa ndege, nayo yadai nauli ya kilo 20. Mwanachama mwenye haraka husimama mkutanoni akauliza kilo 11 zimeliwa na nani. Huenda hakuna aliyekula kitu. Lakini katibu asiyeweza kuieleza hesabu hiyo huonekana mwizi, na aweza kuvuliwa wadhifa wake bila kosa.

Ndege ina mipaka miwili: uzito inaoweza kuuinua na nafasi iliyomo tumboni mwake. Mzigo mwepesi uliotanuka huijaza nafasi kabla uzito haujatimia. Kwa sababu hiyo mchukuzi hutafuta uzito wa aina mbili, wa mizani na wa ujazo, akatoza nauli kwa ule uliozidi. Desturi ya shehena ya ndege ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 lina ujazo wa sentimita 120,000. Ukigawanya, hupatikana kilo 20. Wachukuzi wengi wa vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, na boksi hilo hilo huwa kilo 24. Basi kigawanyo kiulizwe kabla ya bei ya kilo.

Tuseme nauli ni shilingi 10,000 kwa kilo, na boksi lina vikapu 20. Chama kitalipa shilingi 200,000, yaani 10,000 kwa kila kikapu. Vikapu vikikunjwa bapa hata boksi likachukua 40, mizani itaonyesha kilo 17 hivi, nauli itabaki ile ile, na kila kikapu kitagharimu shilingi 5,000. (Mnunuzi aulizwe kwanza kama ataikubali mikunjo, wako wasioitaka kabisa.)

Wapakiaji hupenda kushindilia mpaka boksi livimbe, wakidhani wameokoa nafasi. Hapo ndipo hasara inapoingia, maana mchukuzi hupima pale palipochomoza zaidi. Boksi letu likivimba likafikia 64 kwa 54 kwa 46, uzito wa ujazo hupanda hadi kilo 26.5, na chama hulipa shilingi 65,000 zaidi. Boksi lipimwe baada ya kufungwa na kukazwa kamba, si likiwa tupu.

Melini kanuni ni jamaa ya hiyo. Mzigo usiojaza kasha hutozwa kwa tani 1 au kwa mita 1 ya ujazo, kwa kile kilicho kikubwa. Kasha zima hutozwa kama kasha. Kasha la futi 20 huchukua magunia ya kahawa ya kilo 60 yapatayo 320, yaani tani 19.2, chama kinachopeleka magunia 200 ndani ya kasha lake hulipia na nafasi ya yale 120 yasiyokuwamo. Heri vyama jirani viunganishe shehena kupitia chama kikuu. Pamba nayo hushindiliwa kuwa robota kiwandani kwa sababu iyo hiyo ya nafasi.

Katibu hana budi kuandika katika kitabu cha shehena vipimo vitatu vya kila boksi, uzito wa mizani, kigawanyo na uzito wa ujazo, na wajumbe wawili watie sahihi kabla mzigo haujaondoka. Ankara ikifika hulinganishwa na ukurasa huo. Tofauti ikionekana, chama humwandikia mchukuzi mara moja kutaka nauli isahihishwe, wala hakingojei mkutano mkuu.