Kitoroli cha Kusambazia Mbolea: Cha Bei Nafuu au cha Kazi Nzito?

Wananchi wengi hivi sasa hupata riziki kwa kutunza bustani za nyasi katika nyumba, hoteli, shule na ofisi. Baadhi yao, wakishapata mkataba wa kwanza, huamua kuacha kumwaga mbolea kwa mkono na kununua kitoroli: chombo chenye tangi juu na magurudumu chini, kinachosukumwa huku mbolea ikitoka kwa kipimo. Dukani hukuta vya aina mbili. Kimoja ni chepesi, cha plastiki, na bei yake ni ndogo. Kingine ni kizito, kimeandikwa kuwa ni cha wataalamu, na bei yake yaweza kuwa mara tano au zaidi. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuchagua kati ya hivyo viwili bila kupoteza fedha.

Hasara huja kwa njia mbili

Mtunza bustani anayefanya kazi kila siku akinunua kitoroli dhaifu, kitaharibika katikati ya mkataba. Kabla ya kuharibika kabisa, aghalabu huanza kumwaga mbolea upande mmoja kuliko mwingine. Mbolea ni chumvi. Ikizidi, huvuta maji kutoka kwenye mmea, na nyasi huungua. Baada ya siku chache bustani huonesha mistari ya kahawia, na mwenye bustani hamlaumu muuzaji wa kitoroli, humlaumu aliyekisukuma.

Kwa upande wa pili, mwenye nyumba anayeweka mbolea mara nne kwa mwaka akikopa fedha ili anunue kitoroli cha kazi nzito, amefunga mtaji wake kwenye chombo kitakachokaa stoo. Hii nayo ni hasara, ijapokuwa haionekani kwa macho.

Hesabu gharama ya kila siku ya kazi

Tuchukue mfano. Kitoroli A kinauzwa shilingi 150,000 na kitamudu siku 30 za kazi. Kitoroli B kinauzwa shilingi 900,000, kitahitaji matengenezo ya shilingi 100,000, na kitamudu siku 600. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za duka lako.

Kwa fundi anayefanya kazi kila siku, kitoroli A humgharimu shilingi 5,000 kwa siku. Kitoroli B humgharimu takriban shilingi 1,670. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi.

Kwa mwenye nyumba anayekitumia mara nne kwa mwaka, miaka 5 ni siku 20 tu za kazi, na matengenezo huenda yasihitajike. Kitoroli B kitakuwa kimemgharimu shilingi 45,000 kwa kila siku, na A shilingi 7,500. Hapa cha bei nafuu ndicho chenye faida. Hivyo basi, kabla ya kuuliza bei, jiulize: nitakitumia siku ngapi kwa mwaka?

Kagua vipuri, usisome maandishi tu

Maneno “cha wataalamu” yakiandikwa kwenye boksi peke yake hayathibitishi ubora. Mwombe muuzaji akitoe kitoroli nje, kisha angalia mambo haya:

1. Gia zinazozungusha sahani ya kurushia mbolea. Za chuma zilizofungwa ndani ya kasha hudumu kuliko za plastiki zilizo wazi, kwani vumbi la mbolea haliziingii kwa urahisi.

2. Magurudumu. Ya upepo hupita vizuri kwenye ardhi yenye mabonde. Madogo ya plastiki ngumu huruka na kuteleza, na gurudumu likiteleza kipimo huharibika.

3. Fremu. Mbolea hunyonya unyevu na hula chuma, hasa katika mikoa ya pwani. Fremu ya chuma kisichoshika kutu ina thamani. Ya chuma kilichopakwa rangi huanza kuliwa rangi inapokwaruzika.

4. Mlango wa chini ya tangi. Ufungue na kuufunga mara kadhaa. Usipoziba kabisa, mbolea itarundikana kila unaposimama.

5. Vipuri. Uliza gia na gurudumu la akiba vinapatikana wapi na kwa bei gani. Kitoroli imara kisicho na vipuri nchini kitageuka chuma chakavu siku gia itakapovunjika.

Kipimo ni muhimu kuliko bei

Kitoroli cha bei nafuu kilichopimwa vizuri huweza kufanya kazi nzuri kuliko cha ghali ambacho hakikupimwa. Namba zilizoandikwa kwenye kidhibiti ni mwongozo tu, kwa sababu punje za mbolea hutofautiana ukubwa na watu hutofautiana mwendo.

Tuseme unataka gramu 20 za CAN yenye nitrojeni asilimia 26 kwa kila mita moja ya mraba. Gawa kiasi hicho katika mizunguko miwili inayokatana, gramu 10 kila mmoja, ili kuepuka mistari. Weka mbolea uliyoipima kwenye mizani, kisha sukuma kwa mwendo wako wa kawaida umbali wa mita 20. Ikiwa kati ya mstari mmoja na unaofuata unaacha mita 3, umehudumia mita za mraba 60, na mbolea iliyotoka yapaswa kuwa gramu 600. Pima iliyobaki. Anza na tundu dogo, kisha ongeza kidogo kidogo.

Rudia kipimo kila unapobadili mbolea. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Ukiiweka kwa uzito uleule wa CAN, nyasi zitapata nitrojeni karibu mara 1.8. Ukimaliza kusambaza, mwagilia maji, fagia punje zilizoangukia njiani, kisha osha kitoroli na ukikaushe.

Haki yako unaponunua

Mweleze muuzaji kazi unayokusudia: ukubwa wa bustani, aina ya mbolea na siku za matumizi. Usitaje jina la chapa pekee. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi yake na kutegemea ujuzi wake, ana haki ya kutarajia kwamba bidhaa itafaa kwa matumizi hayo. Lakini maneno ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha. Omba muuzaji aandike kwenye hati ya mauzo, kwa mfano: “kwa kazi ya kila siku ya bustani”. Dai risiti ya EFD na hati ya dhamana, na uvitunze pamoja.

Muuzaji akikataa kuandika kwamba kitoroli kitamudu kazi uliyomweleza, tunakushauri usikinunue kwa kazi hiyo.