Elimu kwa Wananchi: Taaluma ya Kuzingatia Sheria na Kusimamia Vihatarishi

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa kwa kawaida huwa na kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu, na sanduku lenyewe hutunzwa na mwingine wa nne. Wengi wa wanachama hao hawakupita chuo chochote cha fedha, lakini sharti hilo hulishika kwa kuwa wanafahamu kwamba hata mtu mwaminifu hapaswi kuachwa peke yake na fedha za wenzake. Hapo ndipo inapoanzia taaluma inayozidi kutajwa katika matangazo ya kazi za benki, bima na ushirika: uzingatiaji wa sheria na kanuni, pamoja na usimamizi wa vihatarishi.

Kazi hizi mbili huenda pamoja, ingawa si kitu kimoja. Afisa wa uzingatiaji huuliza sheria inataka nini na kama taasisi imetimiza. Msimamizi wa vihatarishi huuliza ni jambo gani laweza kuizuia taasisi kufikia lengo lake, hata pale ambapo hakuna sheria iliyovunjwa.

Kwa mkazi wa kata, sheria ya kuanza nayo ni ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo imegawa watoa huduma katika madaraja manne. SACCOS zimo daraja la tatu, na vikundi vya kijamii, vikiwemo VICOBA, vimo daraja la nne. Kuendesha huduma hiyo bila leseni au usajili ni kosa. Kikundi kisichosajiliwa, hata kiwe na wanachama waadilifu namna gani, kimejiweka hatarini chenyewe.

Darasani, mfano usiokosekana ni wa benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1762 na kuanguka Februari 1995. Katika tawi lake la Singapore, Nick Leeson alikuwa akifanya biashara sokoni na wakati huohuo akisimamia ofisi iliyohakiki na kuandika biashara hizo hizo. Hasara aliificha katika akaunti moja, hadi ikapita pauni milioni 800. Linalopaswa kumshughulisha mwanafunzi zaidi ni kwamba wakaguzi wa ndani walikwisha kuandika, mwaka 1994, kwamba kazi hizo mbili zitenganishwe. Kilichokosekana ni utekelezaji. Kwa lugha ya vikundi, mtu mmoja alishika sanduku na funguo zote tatu.

Chombo cha kila siku cha fani hii ni daftari la vihatarishi. Tuseme mhazini hulala na makusanyo nyumbani hadi siku ya kwenda benki. Uwezekano wa kuibiwa hupewa alama kati ya 1 na 5, na athari vivyo hivyo. Uwezekano ukiwa 3 na athari 5, alama ni 15. Kikundi kikiamua kwamba fedha ziwekwe benki siku ileile na mhazini asindikizwe, uwezekano hushuka hadi 1, na alama huwa 5. Athari haikupungua, kwani fedha zikipotea zimepotea. Wanaoanza kusoma hukosea hapo mara nyingi, wakashusha tarakimu zote mbili ili ukurasa upendeze. Kila kihatarishi huandikiwa pia jina la mhusika na tarehe ya kukipitia upya. Pasipo hayo mawili, daftari ni pambo la kabati.

Njia za kuingia ni nyingi: uhasibu, sheria, benki, bima au ushirika. Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ni miongoni mwa vinavyofundisha masomo ya msingi. Mwombaji atahitaji pia kuzifahamu Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kozi fupi za mtandaoni zimekuwa nyingi, na si kila cheti kina uzito mbele ya mwajiri. Kabla ya mzazi kuuza mbuzi kwa ajili ya ada, usajili wa chuo uhakikiwe NACTVET kwa ngazi ya cheti na stashahada, au Tume ya Vyuo Vikuu kwa ngazi ya shahada.